Ozu na Kamera Iliyoshushwa Chini

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Japani, kwa mwongozaji wa filamu Yasujiro Ozu. Kaka Idrisa, lalamiko letu la kila siku: "Filamu zake zinakokota, hakuna kinachotokea."

IDRISA: Yanatokea mengi, dada, ila hayapigiwi ngoma. Tuanze na kamera. Ameishusha chini kabisa, kwa lenzi ya milimita 50, isiyovuta karibu wala kupanua picha, na katika filamu zake za baadaye husogea kwa nadra mno. Wengi husema hilo ni jicho la mtu aliyeketi mkekani.

REHEMA: Mkeka hautoshi kueleza. Akipiga korido au barabara, mahali ambapo hakuna mtu anayeketi, kamera bado iko chini. Faida yake unaiona ndani ya nyumba: mlango wa kusukuma kando, nyuma yake chumba, nyuma yake tena korido. Mzee akiinuka, unauona mwili mzima unavyojikusanya hadi usimame.

IDRISA: Halafu mazungumzo. Waongozaji wengi huiweka kamera upande mmoja wa wanaoongea: huyu atazame kulia, yule kushoto. Ozu anaivusha kamera upande wa pili. Wote wawili wanaonekana kutazama upande uleule, karibu wakutazame wewe. Hapo ndipo mtazamaji mgeni anapopotea, hajui nani kakaa wapi.

REHEMA: Basi onesho likianza, ishike ile shoti pana, yaani picha ya mbali inayowaonyesha wote. Usitegemee vikombe na chupa za mezani. Alikuwa akivihamisha kati ya shoti moja na nyingine ili fremu ikae sawa.

IDRISA: Na luninga, tafadhali! Filamu hizi za zamani zina umbo la karibu 4 kwa 3. Ukiiacha luninga ijaze kioo cha 16 kwa 9, kila uso unanenepa kwa theluthi moja na nguzo alizozipanga zinaharibika. Nenda kwenye mipangilio ya picha, chagua umbo halisi, uache mistari myeusi kushoto na kulia.

REHEMA: Kosa jingine ni kurusha mbele zile shoti zisizo na watu: bomba la moshi, nguo kambani, paa. Tazama *Tokyo Monogatari* ya 1953. Wazee wawili wametoka mji wa Onomichi kuwaona watoto wao Tokyo. Watoto wana shughuli, wanawapeleka Atami, mji wa pwani, kwenye hoteli ya bei nafuu. Usiku ni kelele tupu. Kabla hujawaona wazee wanavyogaagaa, unaonyeshwa jozi mbili za ndara nje ya mlango wao, zimepangwa vizuri.

IDRISA: Asubuhi wako kwenye ukuta wa bahari. Mama anataka kuinuka, anashikwa na kizunguzungu, anachutama kidogo. Hakuna anayekimbia, kamera haimsogelei. Ukiwa umeinamia simu, imekupita, na ile ndiyo dalili ya msiba.

REHEMA: Na Chishu Ryu, anayemwigiza baba wa miaka 70 hivi, alikuwa hajafika hata 50!

IDRISA: Lakini mgeni asianzie hapo. Aanze na *Banshun*, ya 1949: saa moja na dakika 48, baba mjane na binti yake, anayeigizwa na Setsuko Hara. Baadaye aende *Higanbana*, 1958, filamu ya kwanza ya Ozu yenye rangi, alifuatilie lile birika jekundu.

REHEMA: *Banshun* nzima inazungumzia ndoa, na bwana harusi huoneshwi hata mara moja. Harusi yenyewe imerukwa. Unamwona bibi harusi amevishwa, kisha baba amerudi nyumbani peke yake.

IDRISA: Anaketi, anamenya tofaa. Ganda linateremka utepe mmoja mrefu.

REHEMA: Linadondoka. Mkono unasimama, kichwa kinainama. Kisha bahari.