Wanaoitumikia Sadaka: Mpishi, Mlinzi na Muuguzi wa Taasisi za Dini

Mhadhara kwa viongozi na watumishi wa taasisi za dini, Bagamoyo

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na kazi.

Nitaanza na daftari. Kwa miaka 26 nimetunza hesabu katika taasisi za dini: kwanza zahanati, halafu kituo cha watoto yatima, mwisho chuo cha ufundi. Sitazitaja majina, maana ninalolisema si la nyumba moja. Katika mojawapo alikuwepo mama mpishi. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshawasha kuni, ili saa kumi na mbili watoto wapate uji. Kila mwezi nilimwandikia malipo yake, na nakumbuka vizuri nilikomwandika: kwenye safu ya “matumizi mengineyo”, pamoja na viberiti, chumvi na sabuni ya mche. Miaka 19 aliishi katika safu hiyo. Mkataba hana, namba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hana. Miguu ilipomkatalia kusimama jikoni, tulichangishana, tukamkabidhi bahasha na doti ya khanga, na kiongozi wetu akasema, “Mama huyu malipo yake yako kwa Mungu.” Watu wakaitika amina. Nami niliitika.

Nimekuja kuizungumzia amina ile.

Kwamba malipo ya mtenda wema yako kwa Mungu, hilo silipingi, ndiyo imani yangu. Ila nauliza: nani mwenye haki ya kulisema? Akilisema mpishi mwenyewe, ni ibada. Tukilisema sisi tunaopaswa kumlipa, tumetoa sadaka mali ya mtu mwingine. Kujitolea ni zawadi ya yule anayejitolea, na hakuna kamati inayoweza kuipitisha kwa niaba yake.

Hapa Bagamoyo tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mji huu umeona kazi isiyo na ujira. Wamishonari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868, waliowapokea na kuwaweka kijijini walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Sheikh Ramiya, aliyekuja kuwa khalifa mkubwa wa tarika ya Kisufi ya Qadiriyya na kufariki mwaka 1931, aliletwa pwani hii kutoka Kongo akiwa mtumwa. Lakini mji huu huu ulikuwa pia mji wa wapagazi, na mpagazi wa karne ya 19 alikuwa mtu wa mapatano. Kabla hajajitwika mzigo, alipatana ujira wake wa safari. Mbali na ujira kulikuwa na posho, yaani chakula chake cha njiani. Ujira ni ujira, posho ni posho, na kiongozi wa msafara aliyevichanganya aliweza kuamka akakuta mizigo iko chini na watu wameondoka.

Tazameni leo neno hilo tunavyolitumia. Mlinzi analinda zahanati usiku kucha, miezi kumi na miwili, halafu tunampa “posho”. Mwalimu wa madrasa tunampa “posho”. Tukijisikia wakarimu tunaiita “kifuta jasho”. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, anapokewa katika hadithi ya Ibn Majah akisema mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kwetu jasho linakauka, linatoka jingine, linakauka tena, ndipo tunatafuta kitambaa cha kulifutia.

Ndugu zangu Waislamu, fungueni Surat At-Tawba, aya ya 60. Aya inataja makundi manane ya wanaostahiki zaka. La kwanza mafukara, la pili masikini. La tatu ni nani? Ni wanaozitumikia: wanaozikusanya na kuzigawa. Wametajwa kabla ya wenye madeni, kabla ya msafiri aliyekwama. Na mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanaeleza kwamba huyu hupewa hata akiwa si masikini, kwa kuwa anapewa kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo anayesema “fedha za Mungu haziwezi kulipa mishahara” anapingana na aya yenyewe.

Kipo kisa katika mkusanyo wa hadithi wa Sahih Muslim ambacho natamani kila mjumbe wa kamati akijue. Khalifa Umar bin Khattab alimtuma Ibn as-Sa'di kukusanya sadaka. Alipomaliza na kukabidhi, Umar akaamuru apewe malipo yake. Akakataa: nimeifanya kwa ajili ya Mungu, na ujira wangu uko kwa Mungu. Maneno yale yale tuliyomwambia mama mpishi, ila hapa anayasema mfanyakazi mwenyewe! Umar hakuitika amina akaishia hapo. Alimwambia chukua ulichopewa, kwani hata mimi nilimwambia Mtume hivyo hivyo, naye akanielekeza kwamba ukipewa kitu bila kukiomba, kitumie na utoe sadaka. Yaani kipite kwanza mkononi mwako. Baada ya hapo ukitoa, umetoa wewe.

Na ndugu zangu Wakristo, mnaijua Luka 10:7, mtenda kazi anastahili ujira wake. Ila someni pia 1 Wakorintho, sura ya 9, polepole. Paulo anauliza ni askari gani aendaye vitani kwa gharama zake mwenyewe. Anaijenga haki yake hatua kwa hatua, kisha anasema hakuitumia haki hiyo. Aliishi kwa kushona mahema. Angalieni mpangilio: haki imethibitishwa kwanza, ndipo mwenyewe akaiacha. Wakorintho hawakumwachisha.

Wahisani nao nina neno nao. Watatoa fedha za dawa, za kisima, za bati la bweni, lakini mshahara wa dereva wanauita gharama za uendeshaji na wanataka upungue mpaka usionekane. Sasa dawa itajibeba kutoka bohari? Uji utajikoroga? Nimeandika maombi mengi ya miradi, na ninakiri nilikuwa nawaficha watumishi ili ombi lipendeze. Siku hizi naandika: walinzi wawili, mpishi mmoja, mshahara huu, makato haya. Wako waliokataa. Wako waliokubali.

Sheria nitaipitia haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewatoa nje wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Msikiti na kanisa havimo katika orodha hiyo. Likizo ya mwaka ni siku 28, uzazi siku 84. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake.

Najua mtakaloniambia: fedha hazipo. Kwa madrasa inayoishi kwa ada za watoto, au zahanati ya parokia ambayo nusu ya wagonjwa wanatibiwa kwa mkopo usiolipwa, hilo ni kweli kabisa na linaniuma. Basi lisemwe wazi tangu siku ya kwanza. Anayejitolea aandikiwe barua: siku ngapi kwa wiki, saa ngapi, nauli nani anatoa, na mwisho lini. Asipewe zamu ya mtu aliyeajiriwa. Tulipomwita mama yule mtu wa kujitolea, huku tukimkaripia akichelewa dakika kumi, hatukuwa wakweli kwake.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilitaka kumwomba radhi, akaniuliza kwanza kama watoto bado wanapewa uji au siku hizi ni chai kavu. Nilimjibu. Kisha nikamwambia kuhusu ile safu. Hakuwa anajua. Alinyamaza kitambo, akasema, “Mengineyo?” Akalirudia mara moja tu.

Wahasibu na makatibu mliokuja leo, naomba msiondoke baada ya dua. Nimekaa ile meza ya dirishani, nina fomu za kuandikisha wanachama wa NSSF na nakala ya mkataba mfupi kwa Kiswahili, kurasa mbili. Njooni na orodha ya watu wenu, na mwanze na jikoni.