Chopa ya Polisi Juu ya Paa Letu, Los Angeles

Shikamooni wazee wangu, mambo vijana. Ngoja nisogeze simu hapa dirishani... mnaisikia? Hiyo ni chopa ya polisi. Imeanza kuzunguka tangu saa nne usiku. Angalieni maji kwenye hii glasi yanavyotetemeka. Wengi mliniuliza kwenye video iliyopita ule mngurumo ulikuwa wa nini, basi leo nawaeleza.

Huko nyumbani chopa tumezoea kuiona wakati wa kampeni, watoto wanaikimbilia uwanjani hadi vumbi linawafunika. Hapa ni kama defenda, inapita mtaani kila siku.

Kikosi hiki cha chopa kilianza mwaka 1956. Polisi wa jiji, LAPD, walikuwa na helikopta moja tu, Hiller 12J ya viti vitatu, wakawapa watu wa trafiki waangalie magari kwenye barabara kuu. Kisha mwaka 1965 mtaa wa Watts ukalipuka. Vurugu za siku 6, watu 34 wakafa. Mwaka uliofuata polisi wa kaunti, ambao ni kikosi kingine kabisa, wakaanza doria ya kila siku kwa helikopta aina ya Hughes 300 kwenye mji mdogo wa Lakewood. LAPD nao mwaka 1969 wakaja na mpango wao, ASTRO: askari wa chini akiitwa kwenye tukio, aliye juu anamsaidia. Wataalamu wa JPL, hao hao wa NASA wanaotengeneza vyombo vya anga za juu, wakaletwa kuupima.

Leo wana helikopta 17, na uwanja wao uko juu ya paa la jengo karibu na katikati ya jiji, Piper Tech. Ndani wanakaa wawili, rubani na askari mwenzake. Huyu wa pili ndiye macho: anaongea na walio chini kwa redio ya upepo, anaongoza taa, anaangalia kamera inayoona joto la mwili. Mtu akijibanza kwenye kichaka gizani, yeye anamwona anang'aa. Na magari ya polisi yameandikwa namba kubwa juu ya paa. Nilipoziona mara ya kwanza, kutoka ghorofani, nilijiuliza wanamwandikia nani. Wanamwandikia huyu wa juu.

Lakini ukungu ukishuka, hawarushi. Mnakumbuka asubuhi ile ya Januari 2020 aliyofariki Kobe Bryant, yule nyota wa mpira wa kikapu, helikopta yake ilipoanguka kwenye ukungu? Asubuhi hiyo LAPD walikuwa wameziacha chopa zao chini kwa sababu ya ukungu. Kila nikikumbuka jambo hilo moyo unauma.

Sasa, gharama. Desemba 2023 mkaguzi wa hesabu wa jiji, Kenneth Mejia, alitoa ripoti: karibu dola milioni 50 kila mwaka. Asilimia 61 ya muda wa kuruka haikwenda kwenye uhalifu mzito. Ilikwenda kwenye doria za kawaida, kusafirisha watu, hata sherehe. Na akasema hakuona ushahidi wa kutosha kwamba doria hizi zinapunguza uhalifu. Polisi walimpinga.

Mimi siwachukii, ndugu zangu. Mzee aliyepotea akitafutwa usiku, au mtu amekwama mlimani, naitaka chopa ije, tena haraka. Ninachokataa ni huku kuzunguka tu juu ya vichwa vyetu, saa nzima, bila mtu kutuambia wanatafuta nini. Jirani yangu, bibi mmoja wa hapa, kila ikija anazima taa zote na kukaa sebuleni gizani mpaka iondoke. Miaka yote hiyo anaishi hapa, na bado hajazoea.

Haya, mmeiona hiyo taa? Imepita ukutani mpaka chumbani kwa mtoto. Ameamka, namsikia. Ngoja nikambembeleze, maswali yenu niachieni hapo chini, kesho nayajibu.