Chupa ya Kadutu

Jambo, wababa na wamama. Wanafunzi wangu wa zamani naona mmeshaanza kucheka, mnajua naanzia wapi. Ndiyo, ile chupa.

Jumatatu moja nilinunua chupa ya umuravumba, ile dawa ya kienyeji ya kikohozi ya majani yaliyochemshwa, sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Rangi ya chai nzito, uchungu wa kukunja uso. Jumamosi nikarudi kwa mama yule yule, bei ile ile: maji meupe-meupe, ladha karibu hakuna. Nikamwuliza, mama, hii ni ile ile kweli? Akaniangalia kama mtu asiyewahi kupika. "Baba, mvua imenyesha wiki nzima, majani yamelewa maji. Wewe unywe mbili." Unywe mbili! Chekeni, lakini mama huyo anajua kitu ambacho wasomi wengi wanaonifuata na karatasi zao hawajakijua: kiasi gani? Tena yeye kipimo chake ni ulimi, na hana ruzuku ya mtu.

Bwana pale nyuma ameinua kidole tangu nilipokohoa. Najua: "Profesa, imeshathibitishwa kwamba umuravumba unatibu." Kimethibitishwa nini? Mwaka 1986 Van Puyvelde na wenzake wa Butare, Rwanda, hapo ng'ambo ya mto Ruzizi, walionyesha kwamba molekuli moja ya majani hayo, Tetradenia riparia, inazuia bakteria kadhaa kukua. Kwenye kisahani cha maabara, si ndani ya mtu. Kazi nzuri, naisomesha kila mwaka. Lakini molekuli yenyewe ni diteripeni, na diteripeni ni ndugu za utomvu: hupenda pombe na mafuta, maji haziyataki. Wewe unachemsha majani kwa maji, unakunywa maji, machicha unamtupia mbuzi. Huenda anayetibiwa ni mbuzi.

"Lakini nyanya yangu alipona." Alipona nini? Mafua? Hayo ni virusi, huisha yenyewe, unywe umuravumba, unywe kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Mimi nataka wagonjwa. Kundi moja lipewe majani yaliyopimwa, jingine dawa ya kawaida, na anayewapima asijue nani kapewa nini. Hapo tutaongea. Na mtoto akipumua mbio-mbio, mbavu zinaingia ndani, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chupa ibaki nyumbani.

Nilitaka kugusia chupa hizi na figo, na wanaochanganya chupa na amoksisilini, ile antibiotiki, wanameza vidonge viwili kisha vingine wanawekea jirani... ninaonyeshwa saa. Haya, figo mtaniuliza nje. Bwana wa kidole, sema.