Taulo Mbili na Chupa Moja: Piga Tizi Usirudi na Mapunye

Habari zenu, wana. Leo sinyanyui chuma. Nipo kwenye jimu yetu ya mtaani hapa Mtwara mjini, na nataka muone kilichomo kwenye begi langu.

Kwanza taulo. Beba mbili, rangi tofauti. Hii nyeusi ni ya benchi: naitandika, nalala juu yake. Hii nyeupe ni ya uso tu. Wengi wetu tuna moja. Mtu anailalia kwenye benchi lenye jasho la watu kumi, akiinuka anaigeuza na kujifuta macho na mdomo. Sasa hapo umejikinga na nini? Mimi niliwahi kuazima taulo ya mwenzangu, dakika mbili tu. Wiki mbili baadaye nina mapunye shingoni, duara kama shilingi, nawashwa usiku kucha. Fangasi hupenda joto na unyevu, na pwani yetu hii havikosekani, mvua za Desemba zikishaanza ndiyo usiseme.

Sogea uione chupa. Ni hii ya kupulizia. Maji safi lita moja, jiki mililita 30, ile ya kawaida ya asilimia 3.5. Napimia kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi ya watoto. Iliyochanganywa leo itumike leo, ikilala nguvu yake inapungua. Na usiitie siki wala dawa ya choo, inatoa gesi itakayokukaba koo.

Tazama mkono wangu. Nafuta jasho kwanza kwa kitambaa kikavu. Napuliza. Halafu… nasubiri. Dakika moja nzima benchi libaki limelowa. Hapa ndipo watu wanapoharibu: anapuliza na kufuta papo hapo, vijidudu vimeoga tu. Dakika ikiisha, pangusa kwa maji matupu, maana jiki inakula chuma na kuchubua ngozi ya benchi.

Hizi dambeli zetu za saruji za kumwaga kwenye makopo ya rangi ni kazi nyingine. Saruji ina vitundu, jasho linazama humo na huwezi kulitoa lote. Safisha bomba la kushikia, na kopo usiliweke juu ya paja tupu.

Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela ikapatikana, humu ndani panajaa. Benchi moja wanapokezana wanne. Usione haya kusema, "Kaka, tupanguse kwanza." Atanuna kidogo, yataisha.

Mikono: ukiwa katikati ya mazoezi usijishike uso. Ukimaliza, nenda kwenye ndoo ya koki pale mlangoni, sabuni, sekunde 20, na kati ya vidole pia. Maji yakikatika, tumia kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.

Viganja vikichubuka, bandika plasta kabla ya kugusa chuma. Bakteria wanaoleta majipu wanapita hapo hapo. Na jipu likitoka, usilikamue, usije nalo jimu. Likizidi kuvimba au ukipata homa, nenda hospitali.

Bafuni ingia na ndala zako. Kausha kati ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa soksi. Chupa ya maji usichangie na mtu, hata kama ni shemeji.

Ukifika nyumbani, usiache nguo zimefungiwa kwenye begi mpaka kesho. Fua siku hiyo hiyo na taulo zote mbili, anika juani. Begi lenyewe mimi naligeuza ndani nje, naliweka uani. Mama amenikataza kulisogeza karibu na mkeka wake wa korosho, na nikilinusa naona ana haki.