Busaa Hailali

Hamjambo wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kunisikiliza hapa Kisumu. Nimeombwa nizungumzie vilabu vya busaa, pombe yetu ya mahindi na wimbi, mahali ambapo wengi wetu tulipita tukiwa watoto tukaambiwa tusitazame. Mimi sikuwa na pengine pa kutazama. Nililelewa na senge, shangazi yangu, huko Mumias, na senge alikuwa mpishi wa busaa. Karo yangu ya shule ilitoka ndani ya pipa. Kwa hiyo nikisema kilabu hiki kinafaa mtu kuketi na kile hakifai, nasema kama mtoto wa jikoni.

Tuanzie hukohuko jikoni, maana asiyejua busaa inavyopikwa hatajua kama amepewa nzuri au amepewa uchafu. Unga wa mahindi unakandwa kwa maji, unafunikwa, unakaa siku mbili tatu mpaka uchachuke. Kisha unakaangwa. Senge alikuwa na bati pana juu ya mafiga, na sepetu ambayo haikugusa udongo hata siku moja. Alimwaga donge, akalivunja, akaligeuza, akaligeuza tena, moshi ukimtoa machozi, mpaka likawa makombo ya kahawia yenye harufu ya mkate ulioungua kidogo pembeni. Yakipitiliza, busaa inakuwa chungu. Yakitolewa mapema, inanuka unga mbichi. Senge hakutazama saa. Alitega sikio, kwa sababu makombo yaliyoiva yanalia juu ya bati kama changarawe.

Makombo hayo ukiyaanika vizuri unaweza kuyaweka. Kimea nacho, yaani wimbi lililolowekwa, likaoteshwa, likaanikwa na kusagwa, unaweza kukiweka. Lakini siku utakapovitia pamoja kwenye maji, umeanzisha jambo usiloweza kulisimamisha. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, chachu inaila ile sukari, na pipa linatokota bila moto. Baada ya siku mbili hivi inachujwa, machicha yanaenda kwa kuku, na busaa iko tayari: nzito kama uji mwepesi, tamu yenye uchachu, na kileo chake si kikali. Kesho yake inauma ulimi. Kesho kutwa ni siki. Mnajua tunavyosema ugali umelala, au chai imelala. Senge alikuwa akisema, "Busaa hailali."

Neno langu la leo ni hilo. Kilabu cha busaa kina thamani yake kwa sababu pombe yake haingoji mtu. Bia ya chupa itakusubiri dukani mwezi mzima, uje na rafiki au uje peke yako. Pipa likiiva, watu lazima waje, tena leo. Mama akianza kuchuja, habari inatembea yenyewe. Wa bodaboda anamwambia kinyozi, kinyozi anamwambia mteja, na jioni benchi limejaa watu ambao hawakupanga kuonana. Nimewaona ndugu wawili, waliokosana juu ya mpaka wa shamba tangu mazishi ya baba yao, wakijikuta wanagawana busaa ya mkebe mmoja wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia. Hawakuja kupatana. Walikuja kwa sababu busaa ilikuwa imechujwa. Mpaka uliwekwa wiki ileile.

Ukienda Busia kwa ndugu zetu Wateso, utaona jambo hilo kwa namna nyingine. Pombe yao ya wimbi haichujwi. Inatiwa ndani ya chungu ikiwa na machicha yake, inamiminiwa maji ya moto, na wanywaji wanakizunguka chungu kila mmoja na mrija wake mrefu wenye chujio nchani. Mrija huo Wajaluo wanauita oseke. Kuna adabu zake: hushiki mrija kwa mkono wa kushoto, huchungulii ndani ya chungu, hupulizi mapovu. Maji yakipungua yanaongezwa, na kila yakiongezwa ladha inapungua kidogo, mpaka chungu chenyewe kinawaambia mwende nyumbani. Sijaona kengele ya kufunga baa iliyo na heshima kama hiyo.

Najua kuna anayetaka kuniuliza habari za sheria. Mwaka 2010 bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wananchi waliibatiza sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeileta. Ilifuta sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ikaweka saa za baa, ikakataza vileo kufungashwa na kuuzwa katika vifungashio vya chini ya mililita 250. Nia yake naielewa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, aina ya alkoholi iliyo sumu, na wapo waliobaki vipofu. Hilo si jambo la kupita juu juu. Lakini anayedhani usalama wa kila pombe uko ndani ya chupa hajawahi kuifungia busaa kifuniko ikiwa bado inachachuka. Chupa inapasuka. Usalama wa busaa ni mpishi anayejulikana kwa jina, anayekunywa mkebe wa kwanza mbele yenu. Senge hakuuza kabla ya kunywa.

Utakijuaje kilabu kizuri? Tazama machicha kabla ya kutazama mkebe. Yakiwa bado yanachuruzika maji, umefika siku yake. Uliza kimea kimetoka wapi; mpishi wa kweli atakuonyesha gunia. Kuna mahali fulani mjini Kakamega nilipewa busaa ya juzi iliyotiwa sukari ili uchachu usisikike. Tumbo lilinisumbua siku mbili, lakini kilichoniuma zaidi ni ule uongo. Mtu anayeifufua busaa kwa sukari amewanyima wateja wake ile siku moja waliyoijia.

Senge alishatutoka. Sepetu sasa iko mikononi mwa binti yake, binamu yangu, mwenye kilabu chenye leseni na mabenchi manne. Alinipigia simu jana usiku akasema pipa limeanza kutoa povu. Anachuja kesho, na saa nane mchana mlango utakuwa wazi. Nikitoka hapa naenda steji moja kwa moja. Anayetaka kuja, tupande matatu moja. Akisema atakuja Jumatatu, atakuta pipa limeoshwa na kugeuzwa juani.