Redio ya valvu: usichomeke kwanza! Mzee alivyonifundisha

Mambo vipi wadau, karibuni hapa Mwanga, Kigoma. Leo mezani nina redio ya mbao ya valvu, yaani zile taa za kioo zilizotolewa hewa ndani, mwenyewe kaileta kutoka Ujiji, imekaa stoo miaka na miaka. Kazi hii nimefundishwa na mzee wangu, na yupo hapa pembeni anasikiliza.

La kwanza kabisa, na hapa mzee hana mchezo, usichomeke eti uone kama inawaka. Kapasita, yaani vile vifaa vya kutunza umeme, zikikaa muda mrefu bila umeme zinachoka, ukizipiga volti 230 ghafla zinapasuka, na transfoma ikiungua ndo basi tena, kuipata nyingine ni shughuli.

Fungua nyuma, toa vumbi kwa brashi kavu. Valvu usizifute na kitambaa, maandishi yanatoka hata kwa kidole na yakitoka hujui tena ipi ni ipi. Hii ina valvu tano: ECH81, EF89, EABC80, EL84 ya kusukuma spika, na EZ80 ya kugeuza umeme uwe wa njia moja. Sogeza kamera hapa, unaona hilo doa la rangi ya fedha ndani ya kioo? Likiwa hivi, hewa haijaingia. Ukikuta limegeuka jeupe, hiyo imekufa, usihangaike nayo. Za leo zote ziko safi. Mzee anasema valvu ilaumu mwisho, na mimi nakubaliana naye kabisa, mafundi wengi wanazunguka mjini kutafuta valvu kumbe ugonjwa uko chini kwenye kapasita.

Kwa hiyo geuza chasisi, lile bati lililobeba vifaa vyote. Tafuta kapasita inayotoka EABC80 kwenda pini 2 ya EL84, pini unazihesabu ukiangalia kwa chini, unaanzia kwenye lile pengo pana unafuata mshale wa saa. Ni kadude kadogo, nanofaradi 10 tu, lakini kakivuja kanapeleka volti chanya kwenye gridi, yaani hiyo pini 2 inayoongoza mkondo wa valvu, EL84 inavuta umeme kupita kiasi mpaka bamba lake la ndani linaiva jekundu, inaondoka na transfoma ya spika. Hiyo badilisha bila hata kuipima, weka mpya ya volti 630. Halafu zile kubwa za kuchuja umeme, zikikauka redio inanguruma tu, nazo badilisha, ila ile ya kwanza baada ya EZ80 isizidi mikrofaradi 50.

Sasa kuwasha. Umeme wa kwenda kwenye redio upitishe kwenye balbu ya wati 60 kwanza, ile ya zamani ya waya, sio ya LED. Balbu ikiwaka kali na haipungui, kuna shoti, zima. Ikiwaka halafu ikafifia, poa, endelea.

Humu ndani kuna volti 250 na zaidi jamani, na hata ukichomoa, zile kapasita kubwa bado zimeshika umeme. Chomoa, gusisha resista ya kiloomu 10 ya wati 5 kati ya chanya ya kapasita na chasisi, pima mpaka mita isome sifuri ndo uguse. Ukipima redio ikiwa inawaka, mkono wa kushoto mgongoni. Mzee alikuwa ananishikia mwenyewe huo mkono mpaka nikazoea.

Ikishapata moto, toa balbu, chomeka moja kwa moja, pima EL84: pini 2 sifuri, pini 3 kama volti 7. Pini 2 ikionyesha chanya, zima, rudi kwenye ile kapasita. Na zile skrubu za koili zenye nta, hata stesheni zikiwa hafifu, usizizungushe leo, zina video yake.