Samatta, Msuva na Mizani Yetu

Assalaam aleikum, wagosi, na kina mama mliokuja. Nashukuru kuitwa hapa Ngamiani, Tanga, kuzungumzia jambo ambalo vijiwe vya kahawa vya mji huu havijalimaliza: hawa mastaa wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, majina waliyonayo wanayastahili?

Nianze na mshambuliaji Mbwana Samatta, maana ndiye anayegombewa. Shtaka lake mnalijua. Eti Ulaya alifunga, lakini akivaa jezi ya taifa anapotea.

Tuangalie hiyo Ulaya ilikuwaje. Msimu wa 2018/19 klabu yake, Genk, walichukua ubingwa wa Ubelgiji, na Samatta akafunga mabao 23 ya ligi. Nyuma yake walikuwepo Trossard, Malinovskyi na, kwa sehemu kubwa ya msimu, Pozuelo. Hao watu kazi yao ilikuwa kumlisha. Akikimbia kwenye nafasi, mpira umeshafika. Sasa mlete kwenye timu yetu, ambayo dhidi ya wakubwa hukaa nyuma dakika sabini. Mshambuliaji anabaki peke yake katikati ya mabeki wawili, anapigiwa mipira mirefu ya juu, halafu sisi jukwaani tunahesabu mabao. Kwangu hiyo ni dhulma. Samatta alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015. Akafunga Anfield akiwa na Genk, akafunga Wembley akiwa na Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 2020. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Jina lile kalitolea jasho.

Lakini sikuja hapa kumpaka mtu mafuta. Januari 2024, AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast, tulikuwa tunaongoza bao moja dhidi ya Zambia, na wenzetu wamebaki kumi tangu kipindi cha kwanza. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Hapo wakubwa wa timu, Samatta akiwemo, nawalaumu. Mchezaji mwenye jina kubwa ndiye anayetakiwa kuushika mpira pembeni, kutafuta faulo, kuwatuliza wadogo. Tulikuwa na ushindi mkononi, na ungekuwa wa kwanza kwetu katika fainali hizo tangu tulipoanza kushiriki Nigeria mwaka 1980. Bado unaniuma.

Na bao letu siku ile alifunga nani? Simon Msuva.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Machi 2019 tunawapiga Uganda tatu bila, tunarudi AFCON baada ya miaka 39: bao la kwanza Msuva, kisha penalti ya Erasto Nyoni, kisha kichwa cha Aggrey Morris. Miezi mitatu baadaye, Cairo, tunafungwa na Kenya 3-2: bao la kwanza la mechi ni la Msuva. Novemba 2024 tunahitaji kuifunga Guinea ili twende AFCON nyingine: moja bila, Msuva. Sasa niambieni, ni watoto wangapi hapa Tanga wameandika jina lake mgongoni mwa jezi?

Sababu naiona. Msuva alitoka Yanga akaenda Morocco, Difaa El Jadida kisha Wydad, na sisi ligi ya Morocco hatuiangalii. Tunampima mchezaji kwa televisheni inayomwonyesha. Anayecheza England tunamjua mpaka viatu. Anayetuvusha kwenda fainali tunamkumbuka wiki moja.

Mabeki ndio kabisa. Bakari Mwamnyeto tulimwona hapa hapa uwanja wa Mkwakwani na jezi ya Coastal Union kabla Yanga hawajamchukua mwaka 2020. Septemba 2023 Taifa Stars ilikwenda Algeria, ikatoka suluhu bila bao, na pointi hiyo ikatupeleka Ivory Coast. Siku ile kazi ilikuwa ya safu ya ulinzi nzima. Nendeni kijiweni leo, ulizeni nani walicheza nyuma usiku ule. Mimi nimeuliza tangu Chumbageni mpaka Barabara ya Kumi na Mbili, na aliyenitajia wote sijampata.